Viatu vya Mzee Bagenda

Mimi naitwa Selina, msusi wa hapa Kiseke, Mwanza. Ukisikia mtu anasema Mwalimu Eugenia alimwibia marehemu baba yake viatu, mwambie akome kwanza, halafu mlete kwangu. Akili za kuambiwa changanya na zako, sawa, lakini mimi sikuambiwa. Niliona kwa macho yangu tangu mwanzo hadi mwisho.

Eugenia na mimi tunapakana ukuta kwa ukuta. Yeye Mhaya, mwalimu wa darasa la pili. Mimi Msukuma niliyeishia la saba. Humwambia kwamba Mhaya hawezi kukuomba chumvi bila kukuonyesha vyeti vyake kwanza, naye hunijibu kwamba Msukuma akishashiba ugali haoni tena sababu ya kufikiri. Ndivyo tunavyoishi, na siku asipokuwepo mtaa wote unaniboa.

Mguu wake wa kulia uliharibikia kwenye mteremko wa Buswelu. Bodaboda iliteleza kwenye kokoto, pikipiki ikamlalia, kifundo kikavunjika vibaya. Kikaungwa, kikapona kwa nje, lakini kwa ndani mifupa ikawa inasagana, ikafika mahali mwalimu mzima anashika ukuta kwenda chooni. Mwishowe madaktari wakasema dawa ni moja tu, kukifunga. Wakatia vyuma na skrubu, mfupa wa mguu ukashikana na wa unyayo, vikawa kitu kimoja. Maumivu ya kusagana yakaisha. Kukunja nako kukaisha, moja kwa moja.

Wewe mwenye vifundo viwili huwezi kujua. Kifundo ndicho kinachokupandisha mlima, ndicho kinachokushusha, ndicho kinachokuwezesha kuchuchumaa. Choo cha shimo kwa Eugenia ni vita. Buti haliingii, maana kuvaa buti lazima uelekeze vidole chini, na mguu wake hauelekei chini. Kiatu bapa ndicho kibaya kuliko vyote: unyayo unatua wote kwa mpigo kama ubao, goti linasukumwa nyuma, na ili apige hatua inabidi autupe mguu pembeni. Ikifika jioni mgongo unawaka, na ule mguu mzima nao unalalamika kwamba umefanya kazi ya miguu miwili.

Lakini kilichokuwa kinaniudhi mimi kuliko yote ni kuomba radhi kwake. Anawaomba radhi watoto kwa kuchelewa kufika ubaoni. Anamwomba radhi mwalimu mkuu, anamwomba radhi muuza nyanya. Kanisani wenzake wakipiga magoti yeye anabaki amekaa kwenye benchi, anaangalia huku na huku kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Nikamwambia, "Wee Eugenia, Mungu anazijua hizo skrubu, unamwomba radhi nani?" Akasema, "Usiseme hivyo Selina, nisamehe." Jamani! Ananiomba radhi mimi!

Viatu tulivitafuta mpaka wauza mitumba wa soko la Mlango Mmoja wakawa wanatuita kwa majina. Kila wakifungua mzigo mpya tupo, tumeinama, tunapindua soli. Tulipata raba zenye soli nene kama keki ya harusi, zikawa zinamyumbisha. Tulipata viatu vyeupe vya manesi, dukani vikatembea vizuri, nyumbani vikageuka. Fundi mmoja wa viatu akajitia kuelewa, akampigilia kipande cha tairi mbele ili kimwinue. Kikawa kizito kama jembe, tena kinagonga sakafu "ko, ko", watoto wa darasa la pili wakamshukuru Mungu, maana walikuwa wanamsikia mwalimu akiwa bado yuko ofisini.

Basi, katika hali hiyo ndipo baba yake alipohamia kwake. Mzee Bagenda alikuwa mtu wa Kagera, lakini Mwanza ndiyo iliyomla ujana. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha pamba, akajenga Buswelu, akamzika mkewe hukohuko kwenye kiwanja chake, na akasema mapema kwamba naye azikwe hapohapo, ndugu zake wakitaka kumwona wapande meli. Kisukari kilipomzidi na macho kufifia, Eugenia kama mtoto wa kwanza akamchukua. Alikuja na kiti chake cha mbao, kanzu, koti, fimbo na viatu.

Hivyo viatu nivieleze. Alitengenezewa kwenye karakana ya hospitali moja ya misheni, kwa sababu mgonjwa wa kisukari hatakiwi kupata hata lengelenge mguuni. Vyeusi, vipana mbele, vya kufunga kwa mikanda ya kunatisha, na sura yake ni mbaya, tusidanganyane. Lakini soli yake haikuwa bapa. Ilipinda mbele na nyuma kama tumbo la mtumbwi, ukiviweka sakafuni ukavigusa vinabembea. Mzee alivipenda. Alikuwa akivifuta kwa kitambaa kila akivivua, na nje ya nyumba hakanyagi bila viatu hivyo.

Siku moja mvua ilishuka ghafla, nguo ziko kwenye kamba. Eugenia akatoka mbio, mbio zake zile, akatumbukiza miguu kwenye viatu vya kwanza alivyovikuta mlangoni. Alipofika kwenye kamba akasimama. Mimi niko kibarazani kwangu na kichwa cha mteja mapajani, nikamwita, "Anua nguo, mama, unangoja nini?" Akarudi hadi mlangoni, akaenda tena hadi kwenye kamba. Akateremka mpaka barabarani, akapanda. Hatupi mguu! Kisigino kinatua, soli inambiringisha taratibu, vidole vinaondoka, kama binadamu wote. "Selina!" akapiga kelele. "Selina, njoo uone!" Nikamwacha mteja na nusu kichwa, nikaenda. Tukasimama kwenye mvua tunacheka kama vichaa, na nguo zote zikaloa.

Mguu wa Eugenia ni wa baba yake mtupu, urefu uleule, upana uleule. Akaenda kuiulizia ile karakana. Mtengenezaji alikuwa amestaafu na kurudi kwao, na chumba chenyewe sasa wanawekea magodoro. Kwa hiyo viatu vya namna ile, kwa jinsi tulivyojua sisi, vilikuwa ni vilevile tu, vya Mzee.

Utaniuliza kwa nini hakumwomba. Nilimwuliza mimi pia. Akasema kwao binti havai kiatu cha baba yake, na hata kama si mila, kumwomba mzee mgonjwa viatu vyake ni kama kumwuliza atakufa lini. Hapo alikuwa na hoja. Akawa anaviazima kimyakimya Mzee akilala mchana, anakwenda navyo dukani, anarudi, anavifuta, anaviweka palepale pembeni ya kitanda. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu ananyata kwenye nyumba yake mwenyewe.

Mzee akadhoofika, akawa wa kitandani. Viatu vikakaa tu. Ndipo Eugenia akaanza kuvivaa shuleni. Mimi ndiye niliyemwambia avae, na ningemwambia tena leo. Viatu vimekaa chini ya kitanda na mwenye mguu anaumia, ni akili gani hiyo? Akarudi jioni ya kwanza uso unang'aa. Alikuwa amesimama ubaoni vipindi vyote, hajashika meza. Halafu palepale uso ukamshuka, akavua, akavifuta kwa upindo wa khanga yake, akaenda kuchungulia kama Mzee ameamka.

Mchana, Eugenia akiwa shuleni, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Mzee uji. Kuna siku nikamkuta ameamka na nguvu za ajabu. Amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu iko sakafuni, amejifunga shuka vizuri. Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Nipe viatu vyangu, nataka nikakae nje, nione jua." Nikapiga magoti nikatazama chini ya kitanda, nikijua kabisa hakuna kitu. Nikamwambia avae ndala. Akanitazama kwa macho yake yale yasiyoona vizuri, akasema, "Ndala ni za bafuni. Mimi sitoki mbele za watu na ndala." Nikasema viatu viko kwa fundi, vinashonwa. Akasema, "Haya, nitavingoja." Akanywa uji amekaa vilevile, miguu chini. Niliporudi baadaye kuchukua kikombe alikuwa bado amekaa. Eugenia anafika, Mzee tayari amelala.

Nilimsimulia Eugenia kama kichekesho. Nikamwigiza Mzee, "Ndala ni za bafuni!" Nilidhani atacheka. Akatazama miguu yake. Akakaa chini pale pale mlangoni, akavua viatu, akavishika mapajani. Kesho yake hakuvivaa. Aliviweka pembeni ya kitanda vimeelekezwa mlangoni, tayari. Lakini Mzee hakuwa tena na nguvu ya kukaa, wala hakuviulizia. Wiki haikuisha, akafariki.

Tulimzika Buswelu kama alivyotaka. Baada ya mazishi, mdogo wake marehemu, Mzee Deodatus, aliyekuja na meli kutoka Kagera, akatangaza. Kila ukoo na mila zake, na kwao mambo ni hivi. Vitu alivyovivaa marehemu havigawiwi, havifuliwi, haviguswi. Siku ya arobaini mtoto wa kiume mkubwa anavikwa vyote, kanzu, koti, viatu, anashika fimbo, anakalishwa kwenye kiti. Tangu hapo yeye ndiye baba. Ndugu zake wote, hata waliomtangulia kuzaliwa, wanakuja mmoja mmoja, wanapiga magoti, wanamwamkia, wanamwita Tata, ndiyo baba kwa Kihaya. Mtoto mwenyewe ni Florian, mwalimu wa sekondari Bukoba, ambaye Eugenia alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Nikamtania Eugenia, "Utamwamkia huyo uliyemfuta makamasi?" Akasema, "Nitamwamkia. Atakuwa Tata." Hakutabasamu.

Sasa hapo ndipo dhambi ilipoanza kumtafuna. Akajua siku ya arobaini viatu vitakwenda na Florian Bukoba, na yeye atarudi kwenye kutupa mguu. Akavivaa. Ndiyo, alivivaa, kila siku ya shule, vitu ambavyo ukoo mzima umeambiwa usiviguse. Asubuhi anapita mbele yangu anatembea wima kama askari wa gwaride, jioni namsikia ndani anavifuta na kuongea navyo kwa Kihaya. Sijui Kihaya, lakini kuomba radhi nakujua kwa lugha yoyote. Chakula kikawa hakimpandi. Nikamwambia, "Chagua moja. Vivae ufurahi, au vivue ulale." Akasema, "Selina, nikivivaa namwona Tata amekaa kitandani miguu chini. Nikivivua siwezi kufika shuleni."

Arobaini ilipokaribia, Mzee Deodatus akapiga simu kuhakikisha kila kitu kipo. Eugenia aliweka sauti ya wazi, nami nasikia. Kanzu? Ipo. Koti? Lipo. Fimbo, kiti? Vipo. Viatu? Eugenia akanitazama, akasema, "Vilikuwa vimechakaa sana, Baba mdogo. Nilivitupa."

Loh! Angesema vimeibwa, wangempa pole. Angesema panya wameviguguna, wangecheka. Yeye kwa ualimu wake akaona kutupa viatu vilivyochakaa ndio uongo mdogo, wa usafi wa kawaida, akasahau anaongea na nani. Kwao kitu cha marehemu kikitupwa kabla ya arobaini, aliyetupwa ni marehemu. Mzee Deodatus alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, taratibu, "Eugenia, umemtupa kaka yangu jalalani?" Akakata simu. Eugenia akabaki ameishika mkononi.

Nikamwambia yaliyopita yamepita, wataguna kidogo, watamvika Florian viatu vyake mwenyewe, maisha yataendelea. Akakubali kwa kichwa. Siku yenyewe ilipofika akaenda Buswelu amevaa ndala, ili asiulizwe. Mimi nilijua hatamaliza siku na ndala, mchana ule wa kupanda na kushuka uani, kwa hiyo nikavitia viatu kwenye kapu langu, nikavifunika khanga, akichoka tuondoke avivalie njiani. Hiyo ilikuwa akili yangu. Mbaya?

Asubuhi nikiwa na akina mama jikoni nyuma ya nyumba, Florian akaja kutafuta mwiko. Mpole huyo kaka, mrefu, anainama kila mlango. Nikasema uko kapuni, nikasahau kapu lipi. Akainua khanga. Nikaona mkono wake umesimama. Akakitoa kiatu kimoja nusu, akakitazama ndani. Vumbi la chaki lilikuwa limejaa kwenye mishono yake, jeupe pee. Akageuza macho akamtazama dada yake, aliyekuwa anavuka ua na sinia la ndizi, anatupa mguu pembeni, uso umekunjamana. Akakirudisha kiatu, akakifunika vizuri, akaniuliza, "Dada Selina, mwiko uko kapu gani?" Nikampa.

Baada ya misa, watu wakakaa kwenye mikeka uani, karibu na kaburi. Mzee Deodatus akasimama na vitu vya marehemu mbele yake. Florian alikuwa amevikwa kanzu na koti tayari, yuko peku, ardhi imelowa mvua ya jana. Mzee Deodatus akasema, "Hapa pana pengo. Wote mnaliona." Akamgeukia Eugenia, akaanza. Alimsema mbele ya watoto, mbele ya wakwe, mbele ya mapadri. Kwamba wao wamevuka ziwa kuja kumsimamisha kaka yao, kumbe binti msomi ameshampeleka kwenye takataka. Kwamba kaka yake alimlea akamsomesha, na malipo ndiyo haya. Eugenia ameketi mkekani karibu yangu, kainamisha kichwa, mguu ule mbovu umenyooka mbele kama mti. Mimi damu inanichemka. Nilitaka kusimama nimwambie huyo mzee maneno ya Kisukuma ambayo hayatafsiriki.

Florian akawahi. "Baba mdogo, mwache dada. Mimi ndiye niliyemwambia avitupe."

Mzee Deodatus akamgeukia. "Wewe?"

"Mimi."

"Basi hatuwezi kukuvika wewe," akasema Mzee Deodatus, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya kuchoka. "Mtu aliyeamuru baba yake atupwe atakaaje kwenye kiti chake? Vua koti." Akamtafuta kwa macho mdogo wake Florian, Revocatus, ambaye alikuwa anatazama chini kama amedondosha kitu. Florian akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Selina," Eugenia akaninong'oneza, "nipe kapu."

Nikajifanya sisikii. Mimi nilikuwa naona viatu tu. Nilikuwa namwona amerudi kwenye "ko, ko" ya tairi. Akanyoosha mkono, akalivuta kapu mwenyewe. Kusimama kutoka mkekani kwa mtu wa kifundo kile si kazi ya heshima. Unageukia upande, unategemea goti zima, unasukuma kwa mikono, makalio yanatangulia juu. Alifanya hivyo mbele ya ukoo wake wote, na hakuna aliyemsaidia, hata mimi, kwa sababu nilikuwa nimeganda. Akatoa viatu.

"Hakuna aliyevitupa," akasema. "Ninavyo mimi. Nimekuwa nikivivaa. Florian ananifichia aibu. Mvike."

Siwezi kukueleza miguno iliyopita pale. Mwanamke mmoja nyuma akasema "Yesu wangu." Mzee Deodatus akavipokea, akavipindua, akakung'uta vumbi la chaki, akavitazama, akautazama mguu wa Eugenia, kama ndiyo kwanza anauona. Akapiga goti akamvika Florian. Miguu ya Florian ni mikubwa, vilimbana mpaka akauma mdomo, lakini viliingia. Akashika fimbo, akakalishwa kwenye kiti. Vigelegele vikapigwa. Tata amerudi.

Mtoto wa kwanza ndiye anayeanza kuamkia. Eugenia akaenda. Alipiga magoti kama awezavyo, goti la kushoto chini, mguu wa kulia umesukumwa pembeni, mkono mmoja umeshika ardhi. Mimi nilikuwa nimesogea nyuma yake, safari hii nikiwa tayari kumshika, ndiyo maana nilisikia. Alitakiwa aseme shikamoo Tata, aondoke, aje mwingine. Akasema shikamoo. Florian akaitika marahaba. Eugenia hakuondoka.

"Tata," akasema, "siku ile uliyotaka kutoka nje, viatu havikuwa kwa fundi. Nilikuwa nimevivaa mimi, shuleni. Ulikaa ukavingoja. Nilikuwa nimevivaa."

Florian hakuwa analijua hilo. Niliona jinsi lilivyomwingia. Kifua kilipanda ndani ya lile koti, akaishika fimbo kwa mikono miwili, na kwa muda nikadhani atainuka aondoke. Nyuma ndugu wanasubiri zamu, watu wananyoosha shingo wasikie. Kisha akasema kwa sauti ya chini, nzito, ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Siku hiyo ulichechemea?"

Eugenia akainua uso. "Hapana, Tata."

"Ulisimama mpaka mwisho wa masomo?"

"Nilisimama."

"Basi," akasema. Akaiegesha fimbo kwenye kiti, akainama, akaanza kuibandua mikanda ya viatu, mmoja mmoja. Mzee Deodatus akasogea, "Mwanangu, bado hujamaliza kuamkiwa." Florian hakumtazama. Akavua cha kulia, akakishika mkononi, akasema, "Lete mguu."

Eugenia akatikisa kichwa, akaivuta miguu yake chini ya gauni, kama mtoto aliyechezea matope. Ndala moja ikabaki peke yake mbele ya kiti.

"Lete mguu, mwanangu," Florian akasema. "Watu wana njaa."

Akautoa, ule mbovu, huku analia kwa sauti, na mimi nikamshika mabega asianguke.